Bila hodi: na Shangazi kwenye vilima vya Wales

Jumatatu: Bristol hadi Abergavenny

Kutoka kwangu Bristol kwenda Wales ni kuvuka daraja tu. Daraja la mto Severn halina ushuru tangu Desemba 2018, kwa hiyo hakuna kibanda wala foleni, na Shangazi, aliyeingia kutoka Paje, Zanzibar, wiki iliyopita, akaniuliza mpaka tumeupita wapi. Nikamwonyesha vibao vya barabarani, vyote vimeandikwa mara mbili, kwa Kiwelisi na kwa Kiingereza. "Basi hawa wana kwao," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Yeye alitaka London. Mimi nikamwambia London ipo tu, haiondoki. Shangazi ni mwalimu mstaafu, na mwani ameulima tangu mimi mtoto. Magoti yake yanajua mchanga na maji ya kupwa, si kupanda milima, kwa hiyo nimepanga matembezi ya tambarare kwa ajili yetu sote na kilele kimoja cha peke yangu. Tunazunguka ndani ya hifadhi iliyokuwa ikiitwa Brecon Beacons. Tangu Aprili 2023 inajitambulisha kwa jina lake la Kiwelisi tu, Bannau Brycheiniog.

Abergavenny ni mji mdogo wa soko. Ukisimama barabara yake kuu unaona vilima juu ya mapaa: Sugar Loaf yenye mita 596, Blorenge 561, na Skirrid, mfupi kuliko wote na wenye ubavu uliomeguka. Jioni tuliteremka malishoni chini ya ngome ya zamani, tukafuata mto Usk. Ng'ombe wamelala kando ya njia, watu wanapita nao wanacheua. Tatizo letu lilikuwa jua. Ni katikati ya Juni, na jua la huku linazama saa tatu na nusu usiku. Shangazi alikaa kitandani na mtandio wake kichwani akingoja magharibi, anachungulia dirisha, anasinzia, anachungulia tena.

Jumanne: Sokoni, kisha mferejini

Jumanne ndiyo siku ya soko Abergavenny, na anayekwenda siku nyingine anakosa mambo. Soko liko ndani ya jumba kubwa la karne ya 19 lenye mnara wa saa. Jibini, miche ya nyanya, soksi za sufu, mayai ya bata, vyombo vya marehemu wa watu. Sisi tulikwenda moja kwa moja kwa mama anayechoma vikeki vya Kiwelisi mbele ya wateja.

Vikeki hivi haviokwi. Unga umekandwa na siagi, sukari, yai, zabibu kavu na kungumanga kidogo, unasukumwa mpaka unene wa nusu kidole, unakatwa miduara kwa mdomo wa bilauri, kisha unatandazwa juu ya bamba zito la chuma lililopata moto, sawasawa na chapati kwenye chuma chake. Yule mama hakuwa na saa. Alikuwa anainua ukingo wa kikeki kwa kisu kipana, anatazama chini, anakirudisha. Madoa ya kahawia yakitokea anageuza, na vikitoka anavigaragaza kwenye sukari vingali moto. Vilivyo vizuri hubaki na unyevu katikati. Shangazi alitazama duru nzima kabla hajafungua mkoba, halafu akauliza, kwa Kiingereza chake cha darasani, mafuta ni ya nini. Usione haya kuliuliza swali hilo, maana wapishi wa kizamani hutumia mafuta ya nguruwe. Mama akainua pakiti ya siagi juu kama anayeonyesha kitambulisho. Tukanunua vya kutosha siku mbili, havikufika jioni.

Meza ya samaki ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Wales wanakula mwani. Unaokotwa kwenye miamba ya pwani, unaoshwa tena na tena mpaka mchanga uishe, unachemshwa saa nyingi hadi uvurugike uwe rojo jeusi lenye ukijani. Asubuhi wanauchanganya na oti, wanaukaanga, wanaula na kombe wadogo na, wenyewe, nyama ya nguruwe. Muuzaji alimpa Shangazi kidogo kwenye ncha ya kijiko. Akauzungusha mdomoni kwa muda mrefu, macho kwenye dari.

"Chumvi yake nzuri," akasema. "Mwanangu, sisi tunaulima, tunauanika, tunaupima kwa kilo, tunaambiwa unakwenda kutiwa kwenye dawa ya meno. Kumbe kuna watu wanaukaanga!"

Nilimweleza kwamba huu si ule wa Paje, ni aina nyingine. Akanijibu kuwa hilo ameliona kwa macho kabla hajaonja. Akanunua kopo la kupeleka nyumbani.

Mchana tulipata supu ya liki na viazi, mkate na kipande cha jibini. Supu yao maarufu huitwa cawl, na ya asili hupikwa kwa nyama ya kondoo. Nchi hii ina kondoo wapatao milioni 9 kwa watu milioni 3 na kidogo, na sisi tuliopita katikati yao hatukugusa hata mmoja, kwa sababu nyama ya halali unaipata Newport na Cardiff. Huku vijijini sikuiona. Safari nzima ilikuwa samaki, mayai, jibini na viazi. Ukiagiza chipsi uliza pia zinakaangiwa nini, maana wapo wanaotumia mafuta ya ng'ombe.

Baadaye tukaliacha gari Llanfoist, ng'ambo ya mto, tukapanda kidogo hadi kwenye mfereji. Mfereji wa Monmouthshire na Brecon ulichimbwa kuanzia mwisho wa karne ya 18 kubeba makaa, chokaa na chuma kutoka mabondeni. Leo kilomita 56 bado zinapitika kwa boti. Njia ya kando yake ndiyo waliyopita farasi wakivuta boti hizo, na kwa kuwa maji hayapandi mlima, nayo ni tambarare karibu yote. Miti imeinama juu, upande mmoja maji, upande mwingine bonde. Boti ndefu nyembamba zinakwenda polepole kiasi kwamba Shangazi alitembea sambamba na moja, akawa anasalimiana na mwenye usukani mpaka tulipofika Govilon.

Wakati wa kurudi nilitaka tukate kupitia mashambani. Penye ua kulikuwa na ngazi ndogo ya mbao na mshale wa njano. Shangazi akasita. Mbele yetu konde la majani, kondoo, na nyumba ya mtu na nguo zake kwenye kamba.

"Tunaingia konde la mtu bila hodi?"

"Njia ni ya wote, Shangazi. Sheria."

"Sheria ya nani? Mwenyewe anajua?"

Mwenyewe anajua. Katika Uingereza na Wales, njia zilizokuwa zikipitwa na watu tangu zamani zimeandikwa kwenye ramani rasmi, chini ya sheria ya 1949, na mwenye ardhi haruhusiwi kuziba. Sheria nyingine ya 2000 iliongeza milima na nyika za wazi: huko unatembea popote. Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu ni wa farasi na baiskeli pia. Ramani ya serikali ya kipimo cha 1:25,000, toleo OL13 kwa upande huu, imezichora kwa vistari vya kijani. Wajibu wako ni mdogo: fuata njia, shika mbwa wako kwa kamba, na lango uliache kama ulivyolikuta. Shangazi alinisikiliza yote hayo, akapanda ngazi, na alipofika upande wa pili akasema "Hodi!" kwa sauti. Kondoo wakatoka mbio.

Jumatano: Crickhowell, Pen y Fan, Brecon

Crickhowell tulisimama kununua mkate tu. Lina daraja la mawe ambalo upande mmoja lina matao 13 na mwingine 12. Shangazi alihesabu, akavuka, akahesabu, akaniambia aliyejenga hakuwa fundi mmoja.

Nikamwacha Brecon, nikaenda Pen y Fan kupitia njia ya Pont ar Daf. Huu ndio mlima mrefu kuliko yote ya Wales kusini, mita 886, nao nitausema kwa ufupi kwa sababu kila mtu anauzungumza. Njia imejengwa kwa mawe, haipotezi mtu, na saa nne asubuhi ilikuwa imejaa kama ya kwenda sokoni. Juu kuna foleni ya kupiga picha na jiwe la kilele. Upepo ulinilazimisha kuvaa koti la baridi katikati ya Juni. Kitu cha kutazama si jiwe, ni upande wa kaskazini: mlima umekatika wima, na chini kabisa kuna ziwa dogo la Llyn Cwm Llwch. Njia inayoteremka huko haikuwa na watu wengi. Karibu na ukingo upo mnara mdogo wa mtoto Tommy Jones, wa miaka mitano, aliyepotea usiku mmoja mwaka 1900 akienda kwa babu yake, akakutwa baadaye amekufa kule juu. Nikiwa na siku moja tu, ningeiacha Pen y Fan nikapanda kilima kingine chochote.

Shangazi nilimkuta kanisa kuu la Brecon, kwenye kikanisa cha kando ambamo zimetundikwa bendera za jeshi. Kikosi cha 24 cha jeshi la Uingereza kilikuwa na makao yake mji huu. Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu walikifyeka pale Isandlwana, na bendera moja iliyopotea siku hiyo ikaja kuokotwa mto Buffalo. Mzee mmoja wa kujitolea alikuwa akimweleza habari hizo kwa upole mkubwa, na yeye anaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesikiliza somo analolijua. Alipomaliza akamuuliza:

"Na Wazulu waliokufa, majina yao yako wapi?"

Mzee akasema hilo ni swali zuri. Akasema tena hivyo hivyo, kisha akatuonyesha dirisha la vioo vya rangi.

Usiku: samaki na chipsi, zilizokaangwa kwa mafuta ya alizeti. Niliuliza.

Alhamisi: Hay-on-Wye na Gospel Pass

Hay nayo ina soko Alhamisi, lakini umaarufu wake umetokana na vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bwana mmoja, Richard Booth, alifungua duka la vitabu vikuukuu; wengine wakafuata, na tarehe 1 Aprili 1977 akajitangaza mfalme wa Hay. Siku ya wajinga, ndiyo, lakini watalii walikuja na hawajaacha. Mji una udugu na Timbuktu ya Mali, na hapo naona walichagua vizuri. Chini ya ngome kuna rafu za vitabu nje, hazina muuzaji: unachagua, unatia hela kwenye kisanduku, unakwenda zako. Shangazi alisimama kando ya kisanduku kwa muda akiwachunguza watu. Wote walilipa. Nadhani alivunjika moyo kidogo.

Kuna kitu kimoja cha kula Hay usikikose, nacho ni aiskrimu ya maziwa ya kondoo. Nyepesi kuliko ya ng'ombe, haina harufu yoyote ya zizi. Tuliila tumekaa ngazini, kisha tukarudi tena.

Kutoka Hay nilichukua barabara ya Gospel Pass kuelekea kusini, na hapa niseme na madereva. Ina upana wa gari moja. Kuta zake ni ua wa miti mirefu, huoni kona ya mbele, na ukikutana na gari jingine mmoja wenu atarudi kinyumenyume hadi penye upenyo. Kanuni isiyoandikwa ni kwamba aliye karibu zaidi na upenyo ndiye anayerudi, na mwenye trekta harudi kamwe. Barabara inafika mita 549, barabara ya juu kuliko zote Wales, na huko ua unakwisha ghafla: nyasi tupu, farasi wadogo wenye manyoya ya shingo yaliyofumbatana, na Hay Bluff kushoto. Tuliegesha tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Kipozamataza aliimba juu hatumwoni alipo. Halafu ni kuteremka bonde la Ewyas, kupita kanisa dogo jeupe la Capel-y-ffin, hadi Llanthony tulikolala.

Ijumaa: Llanthony na Cwmyoy

Mvua tangu alfajiri. Ni bora kuja Llanthony hali ya hewa ikiwa mbaya, maana watu wanakaa majumbani. Ni magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa karne ya 12 na kufungwa 1538, bure kuingia: matao yamesimama, paa hakuna, na kati ya nguzo unauona mlima mzima. Upande mmoja wa majengo umekuwa hoteli, na kwenye chumba chake cha chini chenye dari la mawe wanauza vinywaji na chakula. Wenyewe ni bia. Sisi chai, na bara brith, mkate wa zabibu zilizolowekwa usiku kucha kwenye chai ya rangi, unaokatwa vipande na kupakwa siagi nene. Shangazi alikula vitatu. Zingatia saa za kula vijijini: majiko mengi yanafunga saa nane au nane na nusu mchana, na ukifika saa tisa utauziwa pakiti ya krispi. Adhuhuri aliswali nyuma ya ukuta wa magofu, mahali pakavu, kondoo wawili wakimtazama.

Mvua ilipopungua tuliendesha hadi Cwmyoy. Kanisa la hapo limejengwa juu ya ardhi inayoteleza, na kwa karne nyingi limepindika: mnara umeegama upande huu, sehemu ya madhabahu upande ule, na ukisimama mlangoni macho yanakataa. Hakuna ukuta ulio wima. Bado wanasali humo. Nililiona kuwa zuri kuliko kanisa kuu la Brecon, na Shangazi hakunipinga.

Kutoka hapo tukafuata mshale wa njano. Maua marefu ya zambarau kando ya kuta za mawe, makangaga yamefika kiunoni, tope. Hodi kwenye lango la kwanza, hodi la pili. Njia ilipita katikati kabisa ya uwanja wa shamba, baina ya nyumba na banda, na bandani walikuwa wanakata kondoo manyoya. Mwenye shamba, bwana wa makamo mwenye buti za mpira, akatuashiria tukaribie.

Kondoo hawa walilazwa ndani usiku, kwani akilowa hakatwi. Mkataji anamtoa kondoo kwa miguu ya mbele, anamkalisha kitako katikati ya mapaja yake, na kondoo anatulia ghafla, kichwa kimeanguka pembeni. Mashine ya umeme inaanzia tumboni, inazunguka paja, inapanda koo, kisha inakuja mikupuo mirefu ya mgongoni, mkono wa pili ukivuta ngozi ikazike isikatwe. Sufu haitoki vipandevipande. Inafunguka yote pamoja, nje kijivu yenye takataka, ndani nyeupe tupu. Dakika mbili hivi, na anayetoka ni mnyama mwingine, mwembamba, ana aibu. Nje wana-kondoo walikuwa wanalia kwa sababu hawawatambui mama zao. Kila mama anamnusa wake mpaka amkubalie.

Shangazi aliomba kushika. Akazamisha mikono kwenye rundo, akaitoa inang'aa mafuta. Akauliza kilo bei gani. Bwana akacheka, akasema bei ya sufu hailipi hata mkataji; anakata kwa sababu mnyama asipokatwa ataugua joto na kuliwa na funza.

"Sasa faida yako iko wapi?"

"Kwenye nyama. Mwaka ukiwa mzuri."

Naye akamweleza mwani: kamba, vigingi, maji ya kupwa, joto la bahari linalouozesha, mnunuzi anayekuja na bei yake mfukoni. Walizungumza hapo labda nusu saa, mimi nikiwa mkalimani pale tu Kiingereza cha darasani kilipokwama. Bwana alitaka kujua nani anapanga bei. Shangazi alitaka kujua kwa nini hawaachi. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Tulipoondoka alituonyesha lango la kutokea, na kwa mara ya kwanza Shangazi hakusema hodi, alisema kwaheri.

Jumamosi: Blaenavon, kisha nyumbani

Watu wengi hurudi Bristol kwa bonde la Wye, wapige picha magofu ya Tintern. Mimi nilimpeleka Blaenavon, nyuma ya Blorenge, kwa sababu mfereji ule wa Jumanne hauelezeki bila mgodi. Big Pit ilifungwa 1980, ikafunguliwa kwa wageni 1983, na mwaka 2000 eneo zima likaingia urithi wa dunia wa UNESCO. Kuingia makumbusho ni bure. Kushuka chini ya ardhi kunataka kujiandaa: simu, saa, chochote chenye betri unakiacha juu, kwani cheche moja kwenye gesi inatosha. Wanakufunga mkanda wenye betri ya taa na kifaa cha kupumulia, na kofia ngumu. Ya Shangazi ilikaa juu ya mtandio, akataka nimpige picha, nikamkumbusha simu ziko wapi.

Lifti ya chuma inashuka mita 90. Kiongozi wetu alichimba makaa mwenyewe, na anatembea ameinama bila kufikiri, wakati sisi tunagonga vichwa. Kuna mazizi ya farasi mle chini, majina yao bado ukutani. Halafu kuna mlango wa mbao wa kuzuia hewa, na hapo alitusimamisha. Kabla ya sheria ya 1842, alisema, mlango kama huu ulikuwa kazi ya mtoto wa miaka sita au saba: anakaa gizani kutwa, anavuta kamba toroli likija. Akatuambia tuzime taa.

"Miaka sita," Shangazi akasema kwa Kiswahili, gizani. "Huyo ni wa darasa la kwanza." Miaka yake ya mwisho kazini alifundisha darasa la kwanza.

Tulikula kwenye kantini ya wachimbaji, viazi vya kuoka na maharage, tukashika njia. Kabla hatujafika darajani alikuwa ameshampigia binamu yangu Paje. Alimweleza mgodi, kofia, farasi na mlango, akamweleza bwana wa sufu na bei yake. Pen y Fan, alisema, nilikwenda mimi peke yangu, na kulikuwa na foleni.